Siku tano Tanga, kutafuta nusu ya pili ya picha

Jumatano

Mama yangu kwenye vyeti ana jina zuri tu, lakini nyumbani halitumiki. Wadogo zake, mashemeji, hata muuza genge wa pale mtaani Magomeni, wote humwita Intavali. Alipewa jina hilo akiwa na umri wa usiku mmoja, na sababu yake tumeisikia sisi wajukuu mara nyingi hadi tunaweza kuisimulia kwa sauti ya Bibi mwenyewe.

Ilikuwa 1963, Uhuru una miaka miwili, na Bibi anaishi Tanga na mumewe aliyekuwa karani bandarini. Jumapili mchana palikuwa na onyesho la sinema la wanawake peke yao. Bibi, mimba imekwisha kutimia, akavaa buibui akaenda na shoga yake kuangalia picha ya Kihindi. Nusu ya kwanza ikaisha, ikawa intavali, yaani mapumziko, taa zikawashwa, watu wakatoka kununua bajia, na uchungu ukamshika papo hapo. Akatoka, akapandishwa teksi, na kabla ya isha Mama yuko duniani. Kwa hiyo, husema Bibi, hajui hadi leo yule stelingi, shujaa wa picha, alimpata yule binti au hakumpata.

Sasa Bibi amepita miaka 80 na magoti hayamruhusu safari. Nilipomwambia nina likizo na nataka kwenda Tanga, akanivuta mkono: "Mume wangu, ukifika, niulizie ile picha iliishaje." Nikamuuliza jina la picha. Hajui. Nani alicheza? "Yule mzuri." Ukumbi upi? "Ule wa watu wengi."

Kwa maelekezo hayo nikapanda basi kituo cha Magufuli, Mbezi, saa 12 na nusu asubuhi. Chalinze, Wami, Segera, Muheza. Ni kilomita kama 350, na za mwisho ndizo tamu, kwa kuwa Muheza basi likisimama dirisha linajaa machungwa. Nilinunua wavu mzima, bei ambayo Magomeni ungepata matano. Alasiri nilikuwa Kange, stendi ya Tanga, nikachukua bajaji hadi Ngamiani, nikalala mapema.

Alhamisi

Barabara za Ngamiani zina namba, ya kwanza hadi ya 21, na anayepotea huku amependa mwenyewe. Nilitembea nikizihesabu kwa kurudi nyuma, nikavuka reli, nikaingia mjini kwenye majumba ya zamani yenye roshani.

Vijana wanaotembeza wageni walinipata kabla sijafika saa ya mnara. Wana mambo matatu: mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, na vita vya Novemba 1914, pale majeshi ya Waingereza yaliyotoka India yalipotimuliwa na askari wa Wajerumani, na nyuki wakajiunga na vita bila kuulizwa wako upande gani. Nilipowaambia nataka kumbi za sinema wakacheka. Mmoja akaniuliza kama mimi ni mnunuzi wa viwanja.

Lakini ukimpata mtu wa miaka 60 kwenda juu, huna haja ya kumaliza swali. Majestic, Novelty, Regal. Majina hayo matatu hutoka kwa mpigo mmoja, kama mtu anayetaja watoto wake. Kisha hapo hapo hugawanyika, kwa sababu kila mmoja ana wake na haoni kwa nini mwenzake alipoteza pesa kwingine. Mshona viatu mmoja aliniambia kwamba mtu aliyekuwa mpenzi wa Regal unamjua hata leo kwa anavyotembea. Sikuielewa hiyo na sikuomba ufafanuzi.

Nilizunguka hadi adhuhuri. Kwenye jengo moja mlinzi alikubali kunifungulia, kwa masharti mawili: nisipige picha na nisitaje ni lipi. Siku hizi ukumbi ni stoo. Kuna mabati, makasha, na pikipiki tatu zisizo na magurudumu. Viti havipo. Kwa dakika nzima sikuona dalili yoyote ya sinema, nikaanza kujuta ile elfu mbili niliyompa.

Ndipo chungwa likanidondoka mfukoni. Halikutulia lilipoangukia. Likaanza kwenda taratibu, likapita chini ya pikipiki, likaongeza mwendo, likagonga ukuta wa mbele. Mlinzi na mimi tukatazamana. Sakafu ina mteremko. Viti unaweza kuving'oa, pazia ukalishusha, lakini mteremko aliouweka fundi ili mfupi wa nyuma aone juu ya kichwa cha mrefu wa mbele, huo hauondoki bila kubomoa nyumba. Mlinzi ana miaka mingi pale, akasema: "Kumbe ndiyo maana nikiweka pipa linanihama."

Nikageuka nyuma, nikatazama juu. Ukutani kulikuwa na vidirisha vidogo vya mraba, viwili na viwili. Alivyonieleza baadaye mtu anayejua, mashine za kuonyeshea picha zilikuwa mbili, na kila mashine ilihitaji tundu moja la kutoa mwanga na jingine la jicho la opareta.

Mlinzi akaniambia opareta mmoja yu hai. "Nenda kesho baada ya swala ya Ijumaa, barazani kwa wauza kahawa. Usimwambie nimekutuma mimi, ananidai."

Ijumaa

Leo ndiyo siku niliyoijia, kwa hiyo nitaandika kwa urefu, anayechoka aruke hadi Jumamosi.

Baraza lina watu saba, bao moja, na birika la kahawa chungu juu ya jiko la mkaa. Nilitoa shikamoo nikaitikiwa marahaba saba zisizo pamoja. Nikanunua kahawa ya wote na kashata, maana Dar tumefundishwa kuja na mkono mtupu na kinywa kirefu, na Tanga jambo hilo wanaliona. Kisha nikataja sinema, na bao likafunikwa.

Opareta ni mzee mwembamba, kofia ya kiua, vidole vyenye makovu madogo ya kuungua. Yale makovu ni ya makaa, alisema. Mashine za zamani hazikuwa na globu. Zilikuwa na vijiti viwili vya kaboni vinavyokaribiana bila kugusana, umeme unaruka katikati na kutoa mwanga mkali usioweza kuutazama kwa macho. Vijiti vinaliwa kama mshumaa, kwa hiyo lazima uvisogeze kila mara. Ukizubaa, pazia linageuka njano, halafu kahawia, na watu chini wanaanza kukutukania mama yako.

Mkebe mmoja wa mkanda, futi 2,000, ni dakika 20 na ushei. Picha ya Kihindi yenye urefu wa saa 3 ni mikebe 8 au 9. Unaweka wa kwanza mashine ya kushoto, wa pili ya kulia, na unangoja alama: kidoa kinachotokea pembeni juu, upande wa kulia wa pazia, kwa kufumba na kufumbua. Kidoa cha kwanza unawasha mota. Cha pili unabadilisha. "Kazi yangu yote," alisema, "ilikuwa watu wasijue nipo."

Nikamuuliza kama alikuwa akiziona picha zenyewe. Akasema ameona picha zaidi ya mtu yeyote Tanga na hajui hadithi ya hata moja, alikuwa akitazama kona.

Hapo mzee wa pili akadakia, mnene, mcheshi, aliyekuwa na hamu ya kusema tangu kahawa ya kwanza. Yeye ujana wake aliupitisha juu ya baiskeli. Kopi ya picha ilipokuwa moja na kumbi mbili zinaitaka siku hiyo hiyo, ukumbi wa kwanza ulianza mapema, wa pili ukachelewa, na kijana akawa anapeleka mikebe mmoja mmoja kadiri inavyokwisha. Mkebe umejaa ni mzito, na una kingo za chuma zinazokata bega. Alikuwa na dakika zake, na akichelewa ukumbi wa pili unabaki gizani.

"Mwambie ya treni," wenzake wakamchochea. Ilikuwa wazi kwamba wameisikia mara elfu.

Usiku mmoja wa sikukuu ya Idi, ukumbi umefurika, watoto wana pesa zao za idi mkononi na kanzu mpya, yeye ana mkebe wa tano na anafika kwenye reli, treni ya mizigo inapita. Behewa moja moja, shehena ya mkonge. Akangoja. Kule ukumbini mkebe wa nne ukaisha na pazia likawa jeupe. Kwa kawaida hapo ndipo maganda ya machungwa huanza kuruka. Lakini mama mmoja kwenye viti vya juu akaanza kuimba wimbo wa ile picha, kwa Kihindi asichokijua, sauti nyembamba kama ya Lata Mangeshkar. Chini wakaitikia. Wakauimba wote, wakaingia wa pili, na mkebe ulipofika meneja akaogopa kuzima taa.

"Wimbo upi?" nikauliza. Akauimba. Mzee wa tatu akasema si huo. Wa nne akasema hakukuwa na treni, bwana huyu alianguka mtaroni kwa sababu alikuwa akimtazama msichana. Wa tano akasema yote ni kweli lakini yalitokea Mombasa. Nilijua kwamba hapa sitapata ukweli, na sikuona hasara.

Nikawaeleza habari ya Bibi. Picha ya Kihindi, 1963, kijana mzuri, binti, na kabla ya mapumziko kuna mvua. (Mvua Bibi aliikumbuka niliposhuka Muheza kumpigia.) Wakakaa kimya wakifikiri kama majaji.

Wa kwanza: huyo ni Raj Kapoor, na mwishoni anakwenda jela lakini binti anamngoja. Wa pili: huyo si Raj Kapoor, huyo ni Dilip Kumar, na mwishoni anakufa, kwa sababu Dilip Kumar alikuwa akifa sana. Wa tatu, aliyekuwa kimya, akasema stelingi hauawi. Ni sheria. Wakamgeukia wote. Wakamtajia stelingi waliouawa, kwa majina na kwa silaha. Akashikilia: kama ameuawa basi hakuwa stelingi, wewe ulimtazama mtu asiye.

Mabishano hayo yaliendelea hadi alasiri. Kilichonigusa ni kwamba hakuna aliyekuwa akikumbuka picha peke yake. Kila mwisho ulikuja na mtu aliyekaa kiti cha jirani. Mmoja wa wazee alikuwa manamba, kibarua wa mkonge huko mashambani. Anakumbuka kipande, ile kadi ya siku 30 ambayo hulipwi hadi uijaze, na kwamba ikijaa wanapanda lori kuja mjini, wanaoga baharini, wananunua shati, wanaingia sinema jioni. Mkonge ulikuwa ndio mwenye mji. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000, hakuna nchi duniani iliyoipita. Kamba za plastiki zilipokuja bei ikaporomoka, na malori ya Jumamosi yakapungua, na viti vya mbele vikaanza kubaki wazi. Hakuna aliyesema "uchumi". Walisema "viti vya mbele".

Opareta aliyataja mengine kwa mkato, kama mtu anayefunga duka. Uagizaji wa picha ulihamia kwenye shirika la umma, Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa 1968. Mwaka 1971 majumba ya kupangisha yenye thamani ya kupita shilingi 100,000 yakataifishwa, na baadhi ya Wahindi waliokuwa na kumbi na maduka wakaondoka. Miaka ya themanini fedha za kigeni hakuna, kaboni hakuna, mikanda ikija imekatika ina viraka, mhusika anaanza kufungua mlango na papo hapo yuko kitandani. Kisha video. Televisheni ilipoanza bara mwaka 1994 yeye alikuwa tayari anatengeneza redio. Aliondoka na kitu kimoja tu, tochi.

Nilimuuliza ni ipi siku yake nzuri. Bila kufikiri: picha za Bruce Lee, kwa sababu watoto walipotoka walipigana barabarani hadi Ngamiani na hakuna aliyeumia.

Jumamosi

Asubuhi nilikwenda Raskazone kuoga baharini. Maji mazuri. Basi.

Usiku kijana wa pale ninapolala alinipeleka banda umiza, ili nisiseme sinema imekufa. Mabenchi, televisheni moja, joto la kuokea mikate, na picha ya Kikorea iliyotafsiriwa na jamaa anayefanya sauti zote mwenyewe, wa kike na wa kiume na wa mbwa. Tulicheka hadi machozi. Adui alipotokea mtoto wa mbele yangu akamwambia mwenzake: "Tulia, stelingi hauawi." Nilitamani yule mzee wa tatu angekuwepo.

Kubwa la leo lakini lilikuwa adhuhuri. Bibi alikuwa amenipa jina la shoga yake, yule waliyekwenda naye, akiwa na hakika kwamba amekwisha kufariki. Hajafariki. Yuko kwa binti yake, barabara ambayo sitaitaja, amekaa mkekani anachambua mchele, macho yake mazima kuliko yangu. Nilipomwambia mimi ni mjukuu wa nani, aliacha ungo.

"Mjukuu wa Intavali?"

"Mwana wa Intavali, Bibi. Mjukuu wa mama yake."

Akanikalisha, akaniletea bada, ugali wa muhogo, na samaki wa kukaanga, akanitazama nikila kama anayekagua mifugo. Nikamwambia nilichokijia: ile picha iliishaje, kwa vile Bibi alitoka nusu. Yeye bila shaka alipewa habari baadaye na waliobaki.

"Alitoka nani?"

"Bibi. Uchungu ulipomshika, wakati wa intavali."

Aliangalia mlangoni, kama kwamba babu yangu, aliyezikwa 1988, angeweza kuingia.

"Bibi yako hakutoka popote. Uchungu ulimshika intavali, hilo kweli. Nikamwambia, shoga, tuondoke. Akaniambia, sikutoa hela yangu nione nusu. Akarudi kitini. Nusu nzima ya pili ameuma ncha ya kanga, na mkono wangu ameushika hivi," akanishika mkono wangu kwa nguvu nisizozitarajia kwa mtu wa umri ule, "kila uchungu ukija anabana. Nilikuwa na alama wiki nzima. Picha ilipoisha ndipo tukatafuta teksi. Mtoto nusura azaliwe barabara ya nne."

Basi hadithi ya kutoka nusu ilitoka wapi? Ilikuwa ya Babu. Mume akisikia kwamba mkewe alikaa saa moja na nusu anaangalia Wahindi wakiimba huku mtoto anakuja, pangekuwa na kesi ya wazee. Wakapatana njiani, wawili wao na dereva wa teksi: uchungu umeshika intavali, tumeondoka mara moja. Babu akaifurahia mno ile hadithi, akampa mtoto jina, akaisimulia bandarini. Ikawa haiwezekani tena kuirudisha.

"Na picha, Bibi? Iliishaje?"

"Mimi nilikuwa natazama mkono wangu."

Jumapili

Nimeandika haya kwenye basi, Segera tumeshaipita. Wavu wa pili wa machungwa uko chini ya kiti.

Nilimpigia Bibi asubuhi kabla ya kuondoka Kange. Nilipanga namna ya kulianza lakini likanitoka lote kwa pamoja. Nikamwambia shoga yake yu hai, anamsalimia, na amenieleza ya kanga na ya mkono. Simu ikawa kimya. Nikadhani salio limekwisha. Kisha nikasikia kitu kama kikohozi, kumbe ni kicheko, kile cha mtu anayejitahidi asisikiwe na aliye chumba cha pili. Mama yuko chumba cha pili.

"Kwa hiyo yule bado anasema," akanong'ona. "Miaka sitini hajajifunza kunyamaza."

"Bibi, kumbe uliiona yote."

"Nilikaa hadi taa za mwisho."

"Basi niambie wewe. Alimpata au hakumpata?"

Akafikiri kwa muda.

"Mume wangu, sikuona kitu. Nilikuwa nimefumba macho." Halafu, kwa sauti yake ya kawaida, ili wa chumba cha pili asikie: "Na machungwa usisahau. Ya Muheza, usininunulie ya Chalinze."